Fleti mbili hadi nne Marekani: FHA, mkopo wa kawaida, DSCR, au muuzaji akukopeshe mwenyewe?

Jengo ni lilelile: fleti tatu, bei dola 480,000, kila fleti inaweza kupangishwa kwa dola 1,600 kwa mwezi. Mnunuzi naye ni yuleyule: mshahara wa dola 6,000 kwa mwezi kabla ya makato, gari analolilipia dola 450 kila mwezi, akiba ipo lakini si ya kutambia. Mkopeshaji wa kwanza anamkatalia kwa sababu ya jengo. Wa pili anamkatalia kwa sababu ya gari. Wa tatu hata mshahara hauulizi, anachotaka ni dola 120,000 mezani.

Jengo hili nimelitunga ili tupate la kupigia hesabu. Vipimo vinavyomkwamisha huyu mnunuzi ni vya kweli, na kila aina ya mkopo ina cha kwake. Watu wengi wanaotafuta jengo la kwanza huuliza swali moja tu: malipo ya awali ni asilimia ngapi? Swali hilo ndilo linalowapoteza, kwa kuwa mkopo wenye malipo madogo kuliko yote unaweza kuwa ndio mgumu kuupata kwa jengo ulilolipenda.

Kwanza tuuweke mpaka. Marekani, jengo lenye fleti moja hadi nne huhesabiwa kuwa la makazi, na mkopo wake ni wa aina moja na ule wa nyumba ya kawaida: miaka 30, riba isiyobadilika, kianzio kidogo ukiishi humo. Ikifika fleti ya tano, umeingia kwenye mikopo ya biashara. Huko mara nyingi mkopo unaiva baada ya miaka mitano au kumi na salio lote linadaiwa kwa mkupuo, na mkopeshaji anataka kuona umewahi kuendesha jengo kama hilo. Kwa mtu wa mara ya kwanza, nne na tano ni dunia mbili. Kwa hiyo hesabu milango kwa macho yako. Jengo "la fleti nne" lenye jiko jingine chini ya ardhi, lisilo na kibali cha mji, si la fleti tano wala si la fleti nne na nusu. Ni la fleti nne zenye tatizo, na kodi ya kile chumba cha chini mkopeshaji kwa kawaida haihesabu, hata muuzaji akikuonyesha risiti za miaka kumi.

FHA: kianzio kidogo, mtihani mkubwa

FHA (Federal Housing Administration) ni idara ya serikali kuu iliyoanzishwa mwaka 1934. Yenyewe haikopeshi, inamwekea bima mkopeshaji dhidi ya hasara usipolipa. Ukiwa na alama za mikopo (namba inayoonyesha umekuwa ukilipaje madeni yako) 580 au zaidi, malipo ya awali ni asilimia 3.5. Zikiwa kati ya 500 na 579, ni asilimia 10, ingawa wakopeshaji wengi wana masharti yao ya juu zaidi na hawatakupokea na alama hizo. Unatakiwa uhamie kwenye fleti mojawapo ndani ya siku 60 na uishi humo angalau mwaka mmoja. Malipo ya awali yote yanaweza kuwa zawadi ya ndugu, kwa barua na ushahidi wa benki.

Kwa jengo letu, asilimia 3.5 ni dola 16,800. Hapo ndipo watu wanaposhangilia, na hapo ndipo ninapowaomba waketi kwanza.

Jengo likiwa na fleti tatu au nne, FHA inalipima lenyewe kama linaweza kujitegemea. Mthamini anakadiria kodi ya soko ya fleti zote, pamoja na ile utakayolala wewe. Inakatwa angalau asilimia 25 kwa ajili ya miezi ya kukaa tupu na matengenezo. Kinachobaki lazima kifikie au kizidi malipo yote ya mwezi: mkopo, riba, kodi ya jengo (ile inayolipwa serikalini, si pango), bima ya jengo na bima ya mkopo. Mshahara wako haumo kabisa kwenye hesabu hii. Hata uwe daktari bingwa, jengo likishindwa limeshindwa.

Tupige hesabu. Tuchukue riba ya asilimia 6.5, nimeichagua kwa ajili ya mfano tu. FHA inatoza ada ya bima ya asilimia 1.75 mwanzoni, ambayo wengi huiingiza kwenye mkopo, halafu bima ya kila mwaka, ambayo kwa mkopo huu ni asilimia 0.55. Mkopo na riba ni kama dola 2,979 kwa mwezi. Bima ya mkopo, dola 212. Tuseme kodi ya jengo ni 550 na bima ya jengo 200. Jumla, dola 3,941. Upande wa pili: fleti tatu kwa dola 1,600 ni 4,800, toa robo, unabaki na 3,600.

Limeanguka kwa dola 341.

Utalinusuru vipi? Kodi ya soko ingekuwa karibu 1,752 kwa kila fleti, jengo lingepita, lakini kodi hiyo anaiandika mthamini, si wewe wala dalali wako. Unaweza kumwomba muuzaji ashushe bei. La sivyo unaongeza malipo ya awali hadi hesabu ikae sawa, na kwa namba hizi hiyo ni kama dola 64,000. Mkopo wa asilimia 3.5 umegeuka kuwa wa asilimia 13. Juu ya hapo, kwa fleti tatu au nne FHA inataka ubaki na akiba ya malipo ya miezi mitatu baada ya kukamilisha ununuzi, na akiba hiyo haiwezi kuwa zawadi.

Kwenye miji ambako bei zimepaa haraka kuliko kodi, kipimo hiki huyaondoa majengo mengi ya fleti tatu na nne kabla hujapanga hata foleni ya kwenda kuyaona. Jengo la fleti mbili halipimwi hivyo. Ndiyo maana mtu mwenye mshahara mzuri na akiba ndogo, anayeshikilia FHA, namwambia atazame fleti mbili kwanza.

Kuna kikwazo cha pili cha FHA ambacho hakimo kwenye hesabu. Ndugu mmoja ninayemfahamu alitoa ofa ya jengo la ghorofa tatu huko Worcester, Massachusetts, yale ya mbao yenye fleti moja kila ghorofa na vibaraza vya nyuma vilivyopandana. Mthamini alipanda hadi juu, akasukuma dirisha la nyuma, na vipande vya rangi vikadondoka kwenye kizingiti kama magamba ya samaki. Hakusema kitu. Alipiga picha, akashuka. Majengo yaliyojengwa kabla ya 1978 yanaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, na FHA haikubali rangi inayobanduka kwenye majengo ya umri huo hadi irekebishwe. Muuzaji alikuwa na ofa nyingine ya mkopo wa kawaida, chini kwa dola elfu chache. Akaichukua hiyo. Wauzaji wengi wanayajua haya, kwa hiyo ofa ya FHA inaweza kuwekwa pembeni hata ikiwa na bei nzuri.

La mwisho kuhusu FHA, na kwa wasomaji wa lugha hii walioko Marekani ni zito: tangu Mei 25, 2025, mtu asiye raia wala mkaazi wa kudumu hastahili mkopo huu. Mwenye kibali cha kazi tu, njia hii imefungwa. Nimeona makala za zamani bado zinasambazwa kwenye makundi ya simu zikisema kinyume.

Mkopo wa kawaida: sasa jengo limepita, umebaki wewe

Mikopo ya kawaida haina bima ya serikali. Mingi hufuata kanuni za Fannie Mae au Freddie Mac, kampuni zinazoinunua mikopo hiyo kutoka kwa wakopeshaji. Hadi miaka michache iliyopita, kununua jengo la fleti mbili la kuishi mwenyewe chini ya Fannie Mae kulidai asilimia 15, na fleti tatu au nne asilimia 25. Novemba 2023 kampuni hiyo ilishusha yote hadi asilimia 5. Kwa maoni yangu hakuna badiliko lililowafaa wanunuzi wadogo kuliko hili, na bado watu wanakimbilia FHA kwa mazoea.

Kwa jengo letu ni dola 24,000. Zidisho la dola 7,200 tu juu ya FHA, na kile kipimo cha jengo kujitegemea hakipo.

Badala yake unapimwa wewe. Mkopo wa dola 456,000 kwa riba ileile ni kama dola 2,882 kwa mwezi. Weka bima ya mkopo, tuseme 300, maana bei yake hutegemea alama zako. Ongeza kodi ya jengo na bima, unapata 3,932. Kodi ya zile fleti mbili utakazopangisha inahesabiwa kwa asilimia 75, yaani dola 2,400, na inajumlishwa na mshahara: 8,400. Sasa ongeza gari. Madeni ya mwezi ni 4,382, na hiyo ni zaidi ya asilimia 52 ya kipato. Mfumo wa Fannie Mae unakomea 50. Amekwama.

Toa gari, uwiano unashuka chini ya 47, anapita. Dola 450 za gari zimesimama kati ya mtu na jengo la karibu nusu milioni. Kama gari limebakiza malipo kumi au pungufu, kwa kawaida deni hilo linaweza kuachwa nje ya hesabu. Lakini gari la kukodi kwa mkataba linahesabiwa hata likibakiza mwezi mmoja, kwa sababu mkopeshaji anajua ukilirudisha utahitaji jingine. Wanaopanga kununua jengo mwaka ujao, wasibadilishe gari mwaka huu. Najua inauma.

Kuna mtego mwingine huku ambao huwapata vijana wenye nidhamu kuliko wote. Mtu anaishi bure kwa wazazi miaka mitatu ili akusanye kianzio. Hana nyumba, halipi pango popote. Chini ya kanuni za Fannie Mae, mtu wa namna hiyo hawezi kutumia kodi za wapangaji wa jengo analolinunua kukidhi kipato. Zile dola 2,400 zinafutika, anabaki na mshahara wake mtupu. Kwa hiyo, ukikaa kwa wazazi, anza kuwalipa pango halali kwa njia ya benki, miezi mingi kabla ya kuomba, kisha muulize mkopeshaji atahitaji ushahidi gani.

Tofauti ya gharama baadaye nayo si ndogo. Bima ya FHA, ukilipa chini ya asilimia 10 mwanzoni, inakufuata maisha yote ya mkopo. Ukilipa 10 au zaidi, miaka 11. Bima ya mkopo wa kawaida inaweza kuondolewa deni likishapungua vya kutosha. Upande wa FHA una faida moja kubwa: alama za mikopo zikiwa za chini, riba na bima yake hazipandi sana. Mwenye alama 640 mara nyingi atakuta FHA ni nafuu kwa mwezi. Mwenye 740, mkopo wa kawaida kwa kawaida unashinda. Omba namba za yote mawili kwa mkopeshaji mmoja, siku moja, kwa jengo moja; ukilinganisha namba za siku tofauti unalinganisha riba za soko, si mikopo.

Zawadi pia zinatendewa tofauti. Tuliona FHA inaruhusu kianzio chote kiwe zawadi. Fannie Mae, kwa jengo la fleti mbili hadi nne na kianzio chini ya asilimia 20, inataka asilimia 5 ya kwanza itoke mfukoni mwako.

DSCR: kwa asiyetaka au asiyeweza kuishi humo

Yote hayo juu yanadai uishi ndani. Kusema utaishi huku ukijua hutaishi ni kumdanganya mkopeshaji, na kwa sheria ya serikali kuu hilo ni kosa la jinai, hata kama jirani yako amefanya na hajakamatwa.

Usipotaka kuishi humo, mkopo wa kawaida wa uwekezaji kwa fleti mbili hadi nne unataka asilimia 25, na mshahara wako bado unachunguzwa. Mkopo wa DSCR (debt service coverage ratio, yaani uwiano wa kodi inayoingia na malipo ya mkopo) unaachana na mshahara. Unagawa kodi ya wapangaji kwa malipo ya mwezi. Jibu likifika 1, au 1.2 kwa wakali zaidi, umepita. Mwenye biashara yake ambaye taarifa zake za kodi ya mapato zinaonyesha faida ndogo anapumua hapa.

Jengo letu: kianzio cha asilimia 25, dola 120,000. Mkopo wa 360,000 kwa riba ya juu kidogo, tuseme 7.5, ni dola 2,517. Pamoja na kodi ya jengo na bima, 3,267. Kodi ya fleti tatu ni 4,800. Jibu ni karibu 1.47, linapita kwa raha. Lakini soma ukurasa wa faini ya kulipa mapema. Wengi huandika 5-4-3-2-1: ukiuza au ukibadilisha mkopo mwaka wa kwanza unalipa asilimia 5 ya salio, wa pili 4, na kuendelea. Anayetegemea riba zishuke mwakani ili achukue mkopo mpya, faini hiyo inaweza kuimeza faida yake yote.

Muuzaji akukopeshe mwenyewe

Mzee amemaliza deni la jengo, amechoka na wapangaji, hataki kulipa kodi ya faida yote mwaka mmoja. Anakubali umlipe yeye kidogo kidogo. Hakuna mthamini wa FHA, hakuna hesabu ya gari. Kwenye karatasi ni njia tamu kuliko zote, na mimi naiogopa kuliko zote.

La kwanza, je, kweli amemaliza deni? Kama bado anadaiwa, mkataba wa benki yake karibu hakika una kifungu cha kudai deni lote jengo likiuzwa, na sheria ya Garn-St Germain ya mwaka 1982 inawapa wakopeshaji haki ya kukitumia kifungu hicho. Utakuwa umemlipa yeye kila mwezi, kisha benki yake inadai deni lote. La pili, hati. Mkataba ambao hati inabaki kwa muuzaji hadi umalize kulipa unakuweka pabaya: ukikosa miezi miwili mitatu, kwenye baadhi ya majimbo unaweza kupoteza jengo haraka kuliko mwenye mkopo wa benki. Dai hati ihamie kwako na yeye awe na rehani, na mwanasheria wako asome. Wako, si wake.

La tatu ni mwisho wa mkataba. Wauzaji wengi hawataki kusubiri miaka 30, wanaandika mitano. Ukilipa asilimia 10 ya jengo letu na kukopa kiasi kilichobaki, dola 432,000 kwa asilimia 6.5, malipo ya mwezi yakipangwa kama ya miaka 30, baada ya miaka mitano ya kulipa bila kukosa bado unadaiwa karibu dola 404,000, zote kwa siku moja. Maana yake ni kwamba mtihani wa benki hujaukwepa. Umeuahirisha, na utaufanya kwa riba za siku hiyo.

Kwa waliotumikia jeshi: mkopo wa VA, idara ya serikali inayowahudumia waliotumikia jeshi, hauhitaji kianzio hata kwa fleti nne, ukiishi humo. Ada yake kwa mara ya kwanza bila kianzio ni asilimia 2.15. Ukistahili, anzia hapo.

Pesa zako zilitoka wapi?

Swali hili linaulizwa kwenye njia zote za benki, na huwakwamisha wengi wetu. Mkopeshaji anasoma taarifa za benki za miezi miwili ya mwisho, na kila kiasi kikubwa kilichoingia kinahitaji maelezo. Dola 9,000 zilizoingia taslimu Jumatatu kwa sababu zamu yako ya upatu imefika zitaonekana kama mkopo wa siri. FHA inautambua utaratibu wa vikundi vya kuweka akiba, kwa masharti: kuwe na daftari la kikundi, michango ionekane, na mweka hazina athibitishe. Upatu wa mdomo tu hauna daftari. Kama zamu yako ni mwezi wa tatu na unataka kununua mwezi wa nne, anza daftari sasa, au pokea zamu mapema ili pesa zikae benki zaidi ya miezi miwili kabla ya kuomba.

Basi yupi kwa nani

Akiba chini ya dola 30,000, alama za wastani, utaishi humo: FHA kwa fleti mbili. Akiba hiyohiyo lakini alama nzuri na hakuna deni la gari: mkopo wa kawaida wa asilimia 5, na hapo fleti tatu zinawezekana. Una kibali cha kazi bila ukaazi wa kudumu: anza na wakopeshaji wa mkopo wa kawaida, maana FHA imefungwa. Una kianzio kikubwa, huishi mji ule, au kipato chako hakionekani kwenye karatasi: DSCR, ukijua utakaa na mkopo huo miaka kadhaa. Muuzaji mwenyewe: pale tu anapokuonyesha kuwa hadaiwi, hati inakuja kwako, na salio la mwisho unajua utalilipaje.

Yule ndugu wa Worcester hakupata ghorofa tatu. Miezi minne baadaye alinunua fleti mbili kwa mkopo wa kawaida, baada ya kumaliza deni la gari. Madirisha yake ya nyuma nayo yanabandua rangi. Safari hii anaikwangua mwenyewe Jumamosi, akiwa amevaa barakoa na kutandika nailoni chini.